Mguu Unaonyimwa, Jicho Linalozidishiwa

Kisukari kikimkalia mtu miaka mingi, humfanyia jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani msimulizi amechanganya. Mguuni kinazuia mishipa mipya ya damu isiote. Machoni kinaiotesha kupita kiasi. Mtu ni yuleyule, damu ni ileile, sukari ni ileile. Kidonda cha unyayo kinakaa miezi hakifungi kwa kukosa damu ya kutosha, na wakati huohuo, nyuma ya jicho, mishipa inachipuka bila mpangilio, inavuja, na isipozuiwa inampofusha.

Kazi yangu ni kufunga vidonda hapa Lamu. Wagonjwa wanatoka Langoni, Mkomani, Shela, Matondoni, na wengine wanavuka kwa boti kutoka Mokowe. Yupo mvuvi aliyechanwa na matumbawe, yupo mkata mikoko aliyechomwa na kisiki, yupo mama aliyemwagikiwa na maji ya moto mguuni asijue mpaka alipoona ngozi imefura malengelenge. Hawakuhisi, kwa kuwa kisukari kimewatia ganzi. Kidonda kisichouma hupuuzwa, na mguuni mwa mwenye kisukari kidonda kilichopuuzwa huwa donda.

Aliyenifanya nianze kusoma habari hizi kwa dhati ni Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, fundi wa majahazi tangu ujana wake. Alikanyaga msumari, akautoa, akaendelea na kazi. Alipokuja kwangu dole gumba lilikuwa limegeuka rangi.

"Sabalkheri, Ami. Mguu waendeleaje?"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Mguu hauniumi. Linisumbualo ni haya mato. La kushoto laona utando."

Nilikuwa nimeinama kwenye kidonda, nikainua kichwa. Miaka yote niliyofunga miguu, sikuwahi kufundishwa na mtu yeyote kwamba mguu ule na jicho lile vinaamriwa na protini zilezile.

Mtu mzima mwenye afya haoti mishipa mipya hovyo. Seli zinazotandaza ukuta wa ndani wa mishipa yake zimetulia, na nyingi hukaa miaka bila kugawanyika. Mji wa mimba kila mwezi, kondo la nyuma wakati wa ujauzito, na kidonda: hapo ndipo hasa mwili unapotoa ruhusa. Katika kidonda ruhusa hiyo haina budi, kwani oksijeni ikishatoka kwenye mshipa haifiki mbali. Seli nyingi za mwili huishi ndani ya umbali wa milimita 0.1 hadi 0.2 kutoka kwenye kapilari. Na kapilari yenyewe ina upana wa maikromita 5 hadi 10 tu, hivyo chembe nyekundu hupita moja moja kama punda wa mchanga katika vichochoro vya Mkomani, kila mmoja na mzigo wake, na hapana pa kupishana. Ile nyama nyekundu yenye chembechembe ambayo sisi wafunga vidonda hufurahi kuiona ikijaza shimo, wekundu wake ni kapilari changa zilizojaa damu. Nikiikosa, najua hapajajengwa kitu.

Sasa, nani anayetoa ruhusa? Shuleni tulisoma kwamba kazi ya chembe nyeupe za damu ni kuua vijidudu. Ni kweli, lakini ni nusu ya kazi yake.

Mwaka 1882, katika mji wa Messina kwenye kisiwa cha Sicily, mwanasayansi Élie Metchnikoff alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao hupenya mwanga, akavichoma kwa miiba ya waridi. Asubuhi yake akaona seli zinazotembea zimekusanyika kuuzunguka mwiba. Sisi tuliokulia pwani tunakijua kiti cha pweza tangu utotoni. Maji yakitoka unakiona kimejilaza mchangani. Hunifurahisha kwamba mlango mmoja mkubwa wa elimu ya kinga ulifunguliwa na mnyama huyu. Metchnikoff alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich, na zile seli kubwa zinazomeza uchafu ndizo tunazoziita makrofaji hadi leo.

Kwamba makrofaji zinajenga pia, hilo lilichelewa kueleweka. Mwaka 1975 Leibovich na Ross walipunguza makrofaji katika wanyama wa maabara kwa kutumia haidrokotisoni, dawa ya kutuliza kinga, pamoja na kingamwili za kuzishambulia makrofaji, na vidonda vya wanyama hao vikachelewa kusafika na kujengeka. Miaka miwili baadaye Polverini na wenzake wakaweka makrofaji zilizoamshwa ndani ya konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Konea kwa kawaida haina mshipa hata mmoja wa damu, kwa hiyo ukitokea unaonekana waziwazi. Na ilitokea: mishipa ilichipuka kutoka pembeni ikazielekea makrofaji zilikowekwa.

Kinachoita mishipa ni saitokini, protini ndogo ambazo chembe za kinga huzitoa ili seli nyingine zizipokee kwenye vipokezi vyao na kubadili mwenendo. Baadhi yake, zile zinazovuta seli zitembee kuelekea mahali fulani, huitwa kemokini. Mtu akijikata, vigandisha damu, vile vijichembe vinavyoziba mshipa uliokatika, ndivyo vya kwanza kumwaga protini zake, pamoja na zile zinazohimiza ukuaji. Ndani ya saa chache zinafika nyutrofili, chembe nyeupe za kutangulia, na katika siku moja hadi tatu zinafuata monositi, chembe nyeupe za aina nyingine, ambazo zikishaingia kwenye nyama huwa makrofaji. Humo kidondani zinatoa saitokini kama TNF, interlukini-1, interlukini-6, interlukini-8, na kuzifanya seli za jirani zitoe protini iitwayo VEGF, iliyo kiongozi wa uotaji wa mishipa. Seli moja ya mshipa wa karibu ikiipokea VEGF kwa nguvu kuliko wenzake hujitokeza mbele, hunyoosha vidole vyembamba kuelekea VEGF ilikozidi, na huwazuia majirani zake wasifanye hivyo ili wao wafuate nyuma na kujenga shina la mshipa. Machipukizi mawili yakikaribiana, makrofaji husaidia kuyaunganisha. Hilo lilionekana kwa panya na samaki wa maabara katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Kwa hiyo seli ileile iliyokuja kula uchafu ndiyo inayoshika ncha mbili za mshipa mchanga mpaka damu ipite.

Kuna utafiti wa mwaka 1995 ambao mimi naupenda kuliko wote. Robert Strieter na wenzake walichunguza jamii moja ya kemokini wakagundua mgawanyiko unaotegemea asidi amino tatu tu mwanzoni mwa protini: asidi ya glutamiki, lusini na arginini. Kemokini zenye tatu hizo, interlukini-8 ikiwamo, huotesha mishipa. Zisizokuwa nazo, kama IP-10 na PF4, huizuia. Wakachukua interlukini-8 yenyewe, wakabadilisha sehemu hiyo ndogo, na ile iliyokuwa ikiita mishipa ikageuka ya kuizuia. Baadaye ilijulikana kwamba kanuni hii ina wa kuivunja, kwa sababu kemokini iitwayo SDF-1 haina tatu hizo na bado huotesha mishipa, lakini kwa sehemu kubwa imesimama. IP-10 nayo kazi yake ni kubwa kuliko kuzuia mwanzoni. Huja kidonda kinapokaribia kumalizika, na kuvunja kapilari zilizozidi ambazo hazihitajiki tena. Kovu jipya huwa jekundu, kisha rangi hupungua mwezi baada ya mwezi: ni mishipa inayoondolewa. Panya waliokosa kipokezi cha IP-10 hubaki na mishipa mingi kupita kiasi katika vidonda vyao.

Hata chembe nyekundu zina mkono katika mambo haya. Juu ya chembe nyekundu za watu wengi duniani kuna protini iitwayo Duffy, na mwaka 1993 ilithibitishwa kwamba hunasa kemokini zinazoelea kwenye damu, interlukini-8 mojawapo. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hatunayo kwenye chembe nyekundu, ingawa kwenye kuta za mishipa yetu midogo ya vena ipo. Sababu inayotajwa ni malaria: kimelea cha vivax hupitia Duffy kuingia kwenye chembe nyekundu, na mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba asiye nayo hukingika. Panya walionyimwa protini hiyo kabisa walikuwa na mishipa mingi zaidi ndani ya uvimbe wa saratani. Nimeleta habari hii kwa sababu mazungumzo kati ya kinga na mishipa yameandikwa hadi kwenye damu tuliyoachiwa na mababu zetu, na wanaotafiti vidonda vya wazungu peke yao hawatayasoma yote.

Lakini kitu kilichobadilisha jinsi ninavyokitazama kidonda ni TNF. Kwa muda mrefu wataalamu walikuwa na fumbo mkononi. Ukiiweka TNF kwenye seli za mishipa ndani ya chombo cha maabara, zinaacha kugawanyika. Ukiiweka ndani ya mnyama hai, mishipa inaota. Mwaka 1987 matokeo yote mawili yalichapishwa, na kila moja lilikuwa sahihi. Jibu lilipatikana kwenye muda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba TNF huitayarisha seli ya mshipa iwe ile ya kutangulia mbele, huku ikiizuia isianze safari. Seli inakaa tayari imefungiwa. TNF ikiondoka baada ya siku mbili tatu, kizuizi kinaondoka na mshipa unachipuka vizuri kuliko ambao haukuguswa na TNF kabisa. TNF ikibaki, mshipa haupati nafasi.

Nilipolielewa hili niliacha kusema "uvimbe ni mbaya" mbele ya wagonjwa. Mguu uliokatwa ukavimba, ukapata joto na wekundu siku ya pili, unafanya kazi inayotakiwa. Linalonitia hofu ni uvimbe usioondoka. Katika kidonda cha mwenye kisukari makrofaji zinafika, tena kwa wingi, kisha zinakwama katika hali ile ya mwanzo. Zinaendelea kutoa TNF na interlukini-1 wiki baada ya wiki, badala ya kugeuka zile za kutuliza na kujenga. Vimeng'enya vinavyomwagwa na nyutrofili vinazikata protini za ukuaji kabla hazijafanya kazi. Juu ya hayo, seli za ngozi zilizozama kwenye sukari nyingi hushindwa kuitumia barabara HIF-1, protini ambayo ikihisi upungufu wa oksijeni huamuru VEGF itengenezwe. (William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipata Nobel mwaka 2019 kwa kueleza jinsi seli zinavyohisi oksijeni.) Katika panya wenye kisukari, kuizuia interlukini-1 kidondani kulizifanya makrofaji zigeuke na kidonda kikafunga upesi zaidi.

Ndiyo maana siku nyingi kazi yangu kubwa huwa ni kisu. Nakwangua nyama iliyokufa na utando wa vijidudu mpaka pakatoka damu, na ndugu wa mgonjwa hushangaa kwa nini nakiharibu kidonda kilichoanza kukauka. Nataka kianze upya. Nataka vigandisha damu vifike, nyutrofili zije ziondoke, na zamu ya makrofaji ianze na kwisha kwa wakati wake. Nataka pia uzito uondoke mguuni, kwa sababu kukanyaga kidonda kila hatua ni kukijeruhi kila hatua, na kengele ya TNF haitanyamaza.

Kuna jambo linaloniuma hapa. Watu wananunua dukani krimu zenye steroidi, zile za kuondoa mwasho na kung'arisha uso, na kuzipaka kwenye vidonda kwa kuwa zinashusha wekundu haraka. Zinaushusha kweli, kwa kuzinyamazisha chembe za kinga kabla hazijafanya kazi yoyote. Haidrokotisoni iliyotumika mwaka 1975 kuwanyima wanyama makrofaji ni ya ukoo huohuo wa dawa. Unga wa kahawa na majivu navyo vinaletwa sana kwangu vikiwa vimegandamana kwenye donda. Hivyo kazi yangu ni kuvitoa, na huchukua muda. Lakini krimu ndiyo inayonitisha, kwa sababu kidonda huonekana safi, cheupe, kimetulia, na hakuna kinachoota.

Nirudi kwenye jicho. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni tishu inayokula oksijeni nyingi mno kwa ukubwa wake. Sukari huziharibu kapilari zake polepole. Katika panya wenye kisukari imeonekana chembe nyeupe zikinata kwenye kuta za kapilari hizo na kuziziba, maana yake kinga yenyewe inashiriki kuufunga mshipa. Sehemu ya retina ikishakosa damu, hutoa VEGF. Mwaka 1983 Donald Senger na Harold Dvorak walikuwa wameeleza protini inayofanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wakatenga inayoifanya iote. Ikajulikana ni moja. Jichoni sifa zote mbili ni balaa. Mishipa ya zamani inavuja maji na kuivimbisha retina, na mishipa mipya, dhaifu, inatambaa juu yake na kuingia kwenye ute wa jicho. Ikipasuka, mtu huona utando, nyuzi, au giza la ghafla. Mwaka 1994 Lloyd Paul Aiello na wenzake walipima majimaji ya ndani ya jicho wakaikuta VEGF imepanda sana kwa wagonjwa ambao mishipa yao ilikuwa inaota. Majimaji hayohayo yana interlukini-6 na interlukini-8 kwa wingi. Ni zilezile ninazozililia mguuni.

Na hatua za mwanzo za ugonjwa huu wa retina hazina maumivu wala dalili. Ganzi ya mguu angalau mara nyingine mtu huijua.

Ami alikwenda Mombasa kwa daktari wa macho. Alirudi na karatasi, na pendekezo la sindano ya bevacizumab ndani ya jicho, dawa inayoinasa VEGF isifike kwenye kipokezi chake. Ilipitishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, na madaktari wa macho wakaanza kuitumia jichoni. Tulikaa barazani, nikamweleza kwa utulivu namna inavyofanya kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Haya. Wewe kila siku waniambia mguu wataka mishipa mipya. Na dawa hii yaja kuzuia mishipa. Sasa mwanangu, niponye jicho nipoteze mguu?"

Sikumjibu papo hapo. Ni swali ambalo lilistahili kuulizwa na sisi wauguzi na madaktari kabla yake, na tulikuwa hatujaliuliza kwa sababu mguu uko kwenye faili moja na jicho kwenye faili nyingine. Nikampigia daktari yule, naye akalichukulia kwa uzito. Wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa hii kwa mshipa hupewa kuanzia miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili, na hao kweli vidonda vyao huchelewa kupona. Baada ya upasuaji husubirishwa angalau siku 28, na mpaka kidonda kiwe kimepona. Ndani ya jicho kipimo ni miligramu 1.25. Kwa mtu wa kilo 60, kile cha mshipani ni miligramu 300, mara 240 ya cha jichoni. Kiasi cha dawa ya jichoni huvuja hadi kwenye damu, akasema, kwa hiyo hatasema mguu hauhusiki. Leza nayo ipo, na kazi yake ni kuchoma sehemu za retina zenye njaa ili ziache kuomba VEGF, lakini kwa uvimbe wa retina alionao Ami sindano ingemfaa zaidi.

Walichokubaliana Ami na daktari ni kwamba sindano ianze, sukari na shinikizo la damu vishushwe kwa bidii zaidi, na kidonda kitazamwe kabla ya kila sindano. Kikionekana kurudi nyuma, dozi inayofuata inasubiri na tunazungumza upya. Kwa upande wangu nimebadilisha utaratibu. Kabla sijafungua bendeji ya mgonjwa yeyote wa kisukari namuomba afunike jicho moja na kunisomea maandishi yaliyo ukutani, halafu lingine, na asiyewahi kupimwa retina naandika barua ya kumpeleka siku hiyohiyo. Picha za mguu wa Ami nazipiga mwenyewe, na rula ya sentimita pembeni ya kidonda, nikamtumia daktari wa macho jioni ya kuamkia safari, kabla Ami hajavuka kwenda Mokowe kupanda basi.